Kilomita na Kalavati: Niliyojifunza Kuhusu Fedha za Barabara Nikiwa Mtendaji wa Kata

Katika kata mbili nilizozihudumia kama Afisa Mtendaji, zote katika nyanda za juu za Mkoa wa Iringa, sikumbuki kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kilichofungwa bila barabara kutajwa. Ajenda inaweza kuwa chakula cha wanafunzi au chanjo ya mifugo, lakini wajumbe watafika tu barabarani, kwa kuwa chakula hicho na chanjo hiyo vyote hupita juu ya udongo uleule mwekundu ambao kuanzia Novemba hadi Aprili hugeuka utelezi mtupu. Nikiwa katibu wa kamati ndiye niliyeandika mihtasari, na kadiri majalada yalivyonenepa niliona kwamba ombi letu lilikuwa likiandikwa kwa maneno yaleyale kila mwaka: barabara ya kutoka kijiji fulani hadi kijiji fulani itengenezwe kwa kiwango cha changarawe ili ipitike majira yote. Majibu nayo yalikuwa yaleyale, kwamba ombi limepokelewa na litafanyiwa kazi kadiri fedha zitakavyopatikana.

Ombi la namna hiyo, hata liwe la haki kiasi gani, ni gumu kujibiwa na mtu aliyeketi na bajeti ndogo mbele yake na maombi ya kata zote za wilaya mezani. Ninaandika haya nikiwafikiria watendaji, wenyeviti wa vijiji na madiwani wapya, ambao wengi wao huingia kwenye mjadala wa barabara wakiamini kwamba tatizo letu ni uchache wa fedha peke yake. Fedha ni chache kweli, na sitaki mtu anisome kana kwamba ninakanusha. Ninachosema ni kwamba kiasi kilekile kidogo, kikipelekwa mahali maji yanapokatiza barabara, hufungua kijiji kizima, na kikitandazwa juu ya kilomita nyingi huondoka na mvua ya kwanza.

Tuanze na fedha zenyewe, maana mwananchi wa kawaida huziita zote ruzuku ya serikali na kuishia hapo. Chimbuko lake kuu ni Mfuko wa Barabara, unaojazwa zaidi na tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, kwa hiyo hata bodaboda wetu anayenunua mafuta kwenye chupa ya maji gengeni amekwisha kuchangia. Mfuko huo unasimamiwa na bodi yake kwa mujibu wa sheria ya tozo za barabara na mafuta kama ilivyorekebishwa mwaka 1998, na kwa miaka mingi mgawanyo uliozoeleka ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko ziende kwenye matengenezo. Kipengele hicho kimoja kilinifafanulia miaka mingi ya majibu ya adabu yasiyo na matokeo, kwa sababu sisi tulikuwa tukiomba ujenzi mpya kutoka kwenye chungu ambacho karibu chote kimetengwa kwa ajili ya kutunza kilichokwisha kujengwa.

Hadi katikati ya 2017 barabara zetu zilikuwa mikononi mwa idara ya ujenzi ya halmashauri. Mwaka huo ukaanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na madiwani wakalalamika kwa sauti kubwa, hata bungeni hoja ikafika, kwamba wananchi wanawauliza wao habari za barabara ilhali mwenye barabara hawajibiki tena kwao. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Hata hivyo, kwa upande wetu wa makaratasi kulikuwa na faida ambayo haikusemwa sana: fundi sanifu alipokuja kupima alikuwa na fomu moja, vigezo vilevile kwa kata zote, na hakuwa na sababu ya kuhofia ni diwani gani atamnunia kikaoni. Siku hizi meneja wa TARURA wa wilaya huleta mpango wake mbele ya Baraza la Madiwani, na mjadala huwa mkali, ambavyo ndivyo inavyopasa.

Mwaka wa fedha wa 2021/22 ndio uliobadilisha hesabu. Majimbo yote 214 ya Tanzania Bara yalitengewa Shilingi milioni 500 kila moja kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kisha ikaongezwa bilioni 1 kwa kila jimbo kutokana na tozo mpya ya Shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta. Kabla kidogo ya mwaka huo wa fedha kuanza, mwezi Mei 2021, Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 300 kwa mradi wa barabara wa RISE, ambao wilaya za mkoa wetu ni miongoni mwa wanufaika wake. Nilikuwa nikiwakumbusha wajumbe kwamba huu wa mwisho ni mkopo, na wajukuu wetu watausikia, ili mtu asije akadhani kalavati (njia ya kupitisha maji chini ya barabara) lililopasuka ni hasara ya Mzungu. Pembeni kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, mdogo kwa kulinganisha, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, nao huweza kununua saruji au mabomba pale wananchi walipokwisha kuanza kazi kwa nguvu zao.

Fedha zilipoongezeka, ndipo tofauti kati ya kata na kata ilipoonekana. Zipo zilizokuwa na orodha tayari, na zipo zilizoanza kugombana upya kuhusu barabara gani itangulie. Sharti la kwanza, ambalo wengi hawalijui mpaka linapowafungia mlango, ni barabara kuwamo kwenye daftari. TARURA huhifadhi taarifa za mtandao wake kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS: jina la barabara, hadhi yake, urefu, aina ya tabaka la juu, hali yake kama ni nzuri, ya wastani au mbaya, na idadi ya madaraja na makalavati. Barabara isiyomo humo haina pa kupangiwa fedha, hata kama kila siku inapitisha malori ya mbao na viazi. Sisi tulikuwa na barabara ya namna hiyo, iliyofunguliwa kwa majembe na vijiji viwili miaka ya nyuma, na wazee walikuwa na hakika kwamba ni ya serikali kwa kuwa Mkuu wa Wilaya mmoja aliwahi kupita juu yake. Ilibidi mihutasari ya mikutano mikuu ya vijiji vyote viwili ikubali rasmi kuiachia ardhi, diwani aipeleke hoja, na fundi sanifu aitembee yote akiwa na kifaa cha GPS cha kuandikia mahali hasa inapopita. Nchi nzima uhakiki wa aina hiyo ulikuza mtandao wa TARURA kutoka kilomita 108,946 hadi kilomita 144,429. Ni habari njema kwa kijiji kilichoingizwa, ingawa aliye makini ataona pia kwamba chungu kilekile sasa kina walaji wengi zaidi.

Sasa nije kwenye kilomita. Taarifa zetu za utekelezaji, kuanzia kijiji hadi taifa, hupenda kilomita: zimechongwa kadhaa, zimewekwa changarawe kadhaa, zimewekwa lami kadhaa. Ni kipimo rahisi kusoma jukwaani. Kalavati haliongezi hata mita moja kwenye taarifa hiyo, na mtaro wa kando haumpi diwani makofi. Matokeo yake ni kwamba kila anayeomba huomba urefu, na anayegawa naye hushawishika kugawa urefu, ili kila kijiji kipate kuona greda. Greda likipita mwezi wa tisa barabara inapendeza kweli. Watoto wanakimbia nyuma yake na picha zinapigwa. Lakini greda ambalo halikuinua mgongo wa barabara na halikufungua mitaro limekwangua tu tabaka gumu lililokuwa limeshindiliwa na magurudumu ya miaka, likaacha vumbi laini, na barabara ikashuka chini zaidi ya mashamba yanayoizunguka. Mvua inapoanza, pale palipokuwa barabara panakuwa mfereji. Nimeziona sehemu ambazo ukisimama katikati ya njia, ukingo wa shamba unakufikia kifuani, na kila mmoja pale kijijini anakumbuka zilikuwa tambarare.

Barabara iliyotufundisha zaidi ilikuwa ya mlisho, ya kilomita kumi na kidogo, inayounganisha kijiji cha mwisho cha kata na barabara ya mkoa. Kila mwaka tuliiombea changarawe yote. Mwaka mmoja fundi sanifu wa wilaya, kijana mpole asiyependa maneno mengi, aliniomba tuitembee kwa miguu wakati wa masika badala ya kuipitia kwa gari wakati wa kiangazi. Nilimchukua mwenyekiti wa kila kijiji katika eneo lake. Tulipofika mwisho, viatu vikiwa vizito kwa udongo, daftari lake lilikuwa na sehemu nne tu. Mbili zilikuwa vilima ambapo maji hukimbia katikati ya njia, moja ilikuwa bonde la vinyungu, yaani bustani za bondeni, ambalo barabara inalikatiza bila tuta, na ya nne ilikuwa kijito chenye daraja la magogo lililooza upande mmoja. Kwingine kote gari lilipita, polepole, lakini lilipita. Hizo sehemu nne, ambazo kwa lugha ya bajeti huitwa sehemu korofi, ndizo zilizokuwa zikifunga kijiji kwa wiki nzima, na kuwafanya wenye fuso washushe bei ya gunia la viazi kwa kisingizio cha njia.

Kikao kilichofuata hakikuwa chepesi. Nilipendekeza tuache kuomba kilomita zote, tuombe sehemu nne kwa majina yake, kila moja na kazi yake: zege kwenye kilima kikali, mitaro iliyojengwa kwa mawe kwenye kilima cha pili, tuta lenye mistari ya kalavati bondeni, na kalavati kwenye kijito. Mwenyekiti wa kijiji cha mwisho, mtu ninayemheshimu sana, alisimama akaniuliza, "Mtendaji, unataka niende niwaambie watu wangu kwamba mwaka huu tumepewa makalavati?" Wajumbe wakacheka, lakini hoja yake ilikuwa ya kweli. Yeye ndiye angesimama mkutanoni, na mpinzani wake alikuwa akiwaahidi watu lami. Mheshimiwa Diwani alimjibu kwa busara kwamba atakwenda naye kuueleza mkutano, na kwamba uchaguzi bado uko mbali kuliko masika. Tulipitisha hivyo, kwa kura, na si kwa kauli moja.

Ombi hilo lilijibiwa kwa awamu, jambo ambalo nadhani ndilo faida yake kubwa. Ombi la kilomita zote linapokosa fedha zote hukosa kila kitu, au hupewa kilomita mbili za mwanzo zilizo karibu na barabara kubwa, ambazo hazikuwa na shida. Ombi la sehemu nne linapopata fedha za sehemu moja, meneja anaweza kuichagua iliyo mbaya kuliko zote na kuimaliza ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Kwetu lilianza tuta la bondeni, likafuata kalavati la kijito badala ya daraja la magogo.

Kuhusu kalavati la kijito, nataka kueleza jambo dogo kwa kirefu, kwa sababu ndani yake nililiona pengo kati ya ofisi na kijiji likizibwa. Tulikwenda kupima mwezi wa nane. Kijito kilikuwa chembamba, mtoto anaruka, na makadirio ya awali yalikuwa mistari miwili ya mabomba ya kipenyo cha milimita 900. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe ng'ambo alitutazama kwa muda, kisha akashuka akasema, "Wanangu, haya mnayoyapima ni maji ya kiangazi." Akatupeleka kwenye mti wa msufi pori ulio mbali kidogo na ukingo, akaonyesha kwa fimbo yake mahali ambapo takataka kavu, mabua na kipande cha kamba vilikuwa vimenasa kwenye gome, juu ya usawa wa goti. Hayo yalikuwa ya masika yaliyopita. Kisha akapandisha fimbo hadi kiunoni, akasema kwamba mwaka wa El Niño, akimaanisha ile ya 1997 na 1998, maji yalifika hapo na kuondoka na daraja la wakati ule. Fundi sanifu hakubishana. Aliomba fimbo, akapima, akaandika vipimo vyote viwili, akachukua upana wa bonde kwenye usawa huo wa juu. Makadirio yaliporudi kutoka wilayani yalikuwa ya kalavati la boksi, yaani la zege lenye umbo la sanduku, lenye kuta za mabawa, ghali zaidi kuliko mabomba, na ndiyo maana lilisubiri mwaka wa pili. Mvua kubwa za 2023/24, zilizong'oa madaraja sehemu nyingi za nchi, zilipita hapo. Zikachimba kidogo upande wa chini, tukapanga mawe, basi. Tangu hapo kila ombi letu la kuvusha maji lilikuwa na mstari wa alama ya maji na jina la kitongoji kilichoionyesha.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulihusu mahali pa kuyatolea maji. Mtaro wa kando hauna maana kama hauna michepuko ya kuyaondoa maji barabarani kila baada ya umbali fulani, na kila mchepuko unaishia katika ardhi ya mtu. Mama mmoja mwenye miche ya parachichi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa alikuja ofisini asubuhi na mapema, akaketi, akaniamkia vizuri kwa "Kamwene" kama desturi ilivyo, ndipo akasema, "Mtendaji, barabara ni ya wote, lakini maji mmeyaleta kwangu peke yangu." Sikuwa na jibu la sheria lililoweza kusimama mbele ya sentensi hiyo. Tulikwenda na fundi wa mkandarasi hadi shambani, tukafuata mteremko, na ikaonekana kwamba mita chache mbele kulikuwa na mkondo wa asili ambao mchepuko ungeweza kuufuata, ikiwa tu jirani yake angekubali ukingo wa shamba lake upandwe nyasi na kutandikwa mawe. Jirani alikubali baada ya siku kadhaa na maneno mengi. Ninawashauri watendaji wenzangu wafanye mazungumzo haya kabla greda halijafika, kwa sababu dereva wa greda hulipwa kwa kazi, atachimba pale alipoonyeshwa, na mkandarasi akishaondoka ni mwananchi ndiye atakayefukia mchepuko huo usiku kwa jembe lake, na wala sitamlaumu sana.

Kuna adui mwingine ambaye hatajwi kwenye vikao, naye ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Fedha zikitoka, zabuni itangazwe, na tangu 2023 hiyo hupita kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST, wazabuni washindanishwe, mkataba usainiwe, mkandarasi akabidhiwe eneo. Ukihesabu hatua zote hizo kwa uaminifu, mara nyingi mtambo unashuka kijijini wakati mawingu yamekwisha kukaa juu ya milima. Tuliwahi kuletewa mkandarasi mwezi wa kumi na mbili, akamwaga kifusi kwa marundo kando ya barabara yote, mvua ikamkuta kabla hajasambaza, na kwa miezi mitatu marundo yale yakawa kikwazo kipya juu ya tope la zamani. Kata haina uwezo wa kubadili mwaka wa fedha. Ina uwezo wa kuhakikisha kwamba kazi zinazotegemea mikono, yaani kukusanya mawe na mchanga, kusafisha hifadhi ya barabara na kumaliza makubaliano ya ardhi, zimekwisha ifikapo Agosti, ili mkandarasi anapofika asipoteze hata wiki moja. Vilevile tulijifunza kumwandikia meneja mapema kwamba kazi za zege na mawe zitangulie na kifusi kije mwisho, au kama mvua imeanza, kisubiri Mei.

Usimamizi wa ubora kwa upande wa wananchi ni jambo linalozungumzwa sana na kufanyika kidogo, kwa sababu watu hawajui waangalie nini. Sisi tuliomba nakala ya mchanganuo wa kazi na tukaubandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ukurasa ule wenye vipimo tu. Palipoandikwa tabaka la changarawe la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, kamati ya kijiji ilikwenda na mtarimbo na rula ya shule, ikachimba vishimo vidogo katika sehemu kadhaa ikapima. Mahali pawili palikuwa pembamba waziwazi. Mwenyekiti hakupiga kelele. Alimpigia simu fundi sanifu, aliyekuja na vifaa vyake, akathibitisha, na mkandarasi akarudi kuongeza kabla ya cheti cha malipo kusainiwa. Nasisitiza neno la mwisho hilo. Malalamiko baada ya cheti kusainiwa ni barua tu, ila yakifika kabla yake huweza kurudisha lori la kifusi.

Katika fedha zote nilizoona zikitumika, zile zilizolipwa vikundi vya kijamii kwa matengenezo ya kawaida ndizo zilizonishawishi zaidi, ingawa ndizo zilizokuwa kidogo kuliko zote. Kikundi chetu kilikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume, na vifaa vyao vilikuwa majembe, sururu, mapanga, mafyekeo na toroli. Kazi yao ilikuwa kufyeka kando, kuzibua makalavati, kufungua mitaro na kufukia mashimo yakiwa bado madogo. Kalavati lililoziba kwa majani ya mgomba na udongo wa mashamba ya juu hulazimisha maji kupanda juu ya barabara, na kwa usiku mmoja hukata tuta lililogharimu fedha nyingi. Kulizibua kabla ya Novemba ni kazi ya watu wachache kwa asubuhi moja. Tatizo la vikundi hivi lilikuwa usajili na malipo: mwanzoni walikosa akaunti, kisha wakakosa mtu wa kuingiza taarifa zao kwenye mfumo, na malipo yalipochelewa wengine walirudi mashambani. Mtendaji anayetaka barabara yake idumu ajitolee kuwasaidia makaratasi, hata kama hayamo kwenye majukumu yake.

Mkoani Kigoma wamekwenda hatua nyingine ambayo ningependa kuiona huku kwetu kwa wingi. TARURA kwa kushirikiana na Enabel, shirika la maendeleo la Ubelgiji, walijenga huko madaraja ya mawe yenye umbo la upinde. Upinde hubeba mzigo kwa mawe kukandamizana, kwa hiyo hauhitaji nondo. Unahitaji msingi imara, mawe mazuri, mafundi waashi waliofunzwa na fremu ya miti ya kushikilia mawe hadi mota ya kuyaunganisha ikomae. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na daraja la zege lenye nondo, na sehemu kubwa ya fedha hubaki kijijini kama ujira. Nyanda zetu zina mawe ya kutosha, na vijana wanaojua kuyapasua kwa moto na nyundo wapo.

Matumizi ya barabara yenyewe nayo yalitupa kazi. Malori ya mbao hupakia kupita kiasi, na lori moja siku ya mvua kubwa laweza kuharibu kilima ambacho kikundi kimekitengeneza mwezi mzima. Vijiji vyetu vilitunga sheria ndogo za kuzuia magari mazito kwa saa kadhaa baada ya mvua, kukawa na geti na mtu wa kulilinda. Wenye mbao walinung'unika, wengine wakajaribu kumzoea mlinzi wa geti, na ilibidi abadilishwe mara kwa mara. Kwa ujumla ilisaidia.

Kilichobaki bila ufumbuzi nilipohamishwa ni mto ulio ng'ambo ya kijiji cha pili, ambao upana wake unahitaji daraja kubwa kupita uwezo wa bajeti ya wilaya. Ombi lake lilifikishwa hadi Bodi ya Barabara ya Mkoa, likiwa na vipimo, alama za maji, idadi ya wanafunzi wanaovuka na makisio ya mazao yanayotoka huko. Wakati likisubiri, tulijadili kama tuombe kwanza kivuko chepesi cha waenda kwa miguu na pikipiki. Mimi niliunga mkono. Wakazi wa ng'ambo waligawanyika, kwa kuwa walihofia kwamba wakikubali kidogo, kikubwa kitasahauliwa, na hofu hiyo wanayo kwa sababu zao. Mwishowe walikubali kwa sharti ambalo mwenyekiti wao alitaka liandikwe neno kwa neno, kwamba kivuko hicho hakifuti ombi la daraja la magari. Niliandika hivyo kwenye muhtasari, wajumbe wakasaini, na nakala ikapelekwa kwa meneja wa wilaya pamoja na vipimo vya vivuko vyote viwili.